Siku ya kufungua mwamba: uchambuzi wa kisa cha wavuvi wa pweza katika shehia moja ya Zanzibar

Kisa hiki ni cha shehia moja (eneo dogo la utawala chini ya sheha) ya pwani ya Unguja iliyoamua kufunga mwamba wake ili pweza wapate kukua. Nilikuwa miongoni mwa waliosaidia kamati ya wavuvi tangu kikao cha kwanza, kwa hiyo baadhi ya makosa yanayosimuliwa humu ni yangu. Majina ya shehia na ya watu nimeyaondoa, na miamba nimeipa majina ya kubuni: Mwamba wa Ndani na Mwamba wa Nje. Hesabu za kilo na fedha za shehia nazo sikuziweka, maana kwa wanaoijua biashara ya pweza zingetosha kuwaonyesha ni wapi.

Habari za kufunga miamba husimuliwa karibu kila mara kwa picha ya siku ya kufungua: pweza wakubwa wananing'inia mkononi, watu wanacheka, mizani imeelemewa. Picha hiyo ni ya kweli, hata sisi tuliipiga. Lakini siku hiyo hiyo ndiyo iliyotuharibia kazi ya miezi mitatu, na hatukulitambua hilo mpaka wanawake walipotueleza.

## Usuli

Pwani yenyewe ni kama nyingi za Unguja. Kuna mikoko, kisha uwanda mpana wa mchanga na nyasi bahari ambako kinamama hulima mwani, kisha mwamba. Maji ya bamvua, yale makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakitoka, kiasi cha saa nne asubuhi, Mwamba wa Ndani hubaki wazi na mtu huufikia kwa miguu. Wanawake huenda na vijiti vyao vyenye ncha kuchokoa pweza. Hutafuta tundu lenye maganda ya kaa na kombe mlangoni, dalili kwamba mwenye nyumba yumo. Mwamba wa Nje uko ng'ambo ya mkondo na haukauki. Huko huenda vijana wa kiume kwa ngalawa na mitumbwi, wakazamia na miwani na kupiga pweza kwa mkuki.

Wazee wa hapo wanasimulia kwamba zamani pweza alikuwa riziki ya wanawake, na wanaume walikuwa na madema (mitego ya kusuka), mishipi na nyavu zao. Mambo yaligeuka pweza alipopata soko. Wanunuzi wanaokusanya kwa ajili ya viwanda vya kugandisha vya bara, ambavyo humpeleka Ulaya, walianza kuonekana kila diko, pale vyombo vya uvuvi vinapoegesha. Hoteli za kitalii nazo zikamtaka. Kitu kikishakuwa na bei hakiachiwi wanawake peke yao. Wapiga mbizi wakaongezeka, na wao hawangoji maji yatoke.

Upande wa utawala, shehia ilikuwa na kamati ya wavuvi kama shehia nyingine za pwani. Kuwashirikisha wavuvi katika usimamizi si jambo geni Zanzibar. Ghuba ya Menai ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1997, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2010 ndiyo iliyokuwa msingi wa kazi ya kamati hizi. Tatizo la kamati yetu halikuwa uhalali. Wajumbe wake karibu wote walikuwa wanaume wenye vyombo, na wanawake wawili waliokuwamo walikuwa wakikaa karibu na mlango na kuulizwa mwishoni kama wanakubaliana.

Malalamiko ndiyo yaliyoanzisha jambo hili. Wanawake walisema wanarudi na pweza wa kujaa kiganjani tu, wapiga mbizi wakasema wanazama kina kirefu zaidi kila mwaka, na mnunuzi akasema wadogo hawachukui tena ila kwa bei ya kutupa.

## Uamuzi wa kwanza na sababu zake

Wajumbe wachache walikuwa wametembelea shehia nyingine iliyokwisha kufunga, wakarudi na hamasa. Wazo lenyewe lilitoka ng'ambo. Kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kilifunga sehemu ya mwamba wake kwa miezi saba kuanzia mwishoni mwa mwaka 2004, na baadaye desturi hiyo ikaenea hadi kisiwa cha Rodrigues cha Mauritius, Unguja na Pemba.

Kibaiolojia, ni wachache viumbe wa pwani wanaofaa kwa ufungaji wa muda mfupi kama pweza. Huyu wa kwetu, Octopus cyanea, umri wake wote ni kiasi cha mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Akiwa mdogo na mwenye chakula, uzito wake unaweza kuongezeka maradufu ndani ya muda wa mwezi hivi. Jike hutaga mara moja tu maishani, mayai kwa maelfu mengi, kisha hujifungia tunduni akiyapulizia maji na kuyasafisha, bila kula mpaka yaanguliwe, halafu hufa. Ukimwacha miezi mitatu, yule wa kiganjani anakuwa wa kilo. Hesabu hii kila mvuvi aliielewa siku ile ile.

Kamati iliamua mambo matatu, na kila moja lilikuwa na hoja nzuri.

Kwanza, ufungwe Mwamba wa Ndani. Unaonekana kutoka ufukweni, mtu akiingia mchana kila mmoja atamwona, na doria haihitaji mafuta ya mashine. Kwa shehia isiyo na fedha hoja hii ilikuwa nzito, na mimi mwenyewe niliiunga mkono.

Pili, muda uwe miezi mitatu, na siku ya kufungua iwe bamvua la mwisho kabla ya Ramadhani, ili watu wapate fedha za kuingilia mwezi mtukufu.

Tatu, anayevunja atozwe faini kwa mujibu wa sheria ndogo waliyoiandika wenyewe, ikapigwa muhuri wa sheha na nakala kupelekwa kwa ofisa uvuvi wa wilaya. Khatibu alilitaja jambo hilo baada ya sala ya Ijumaa, akasema amana ya bahari ni kama amana nyingine zote. Mimi naamini maneno yake yalilinda mwamba kuliko maboya tuliyoyafunga.

## Yaliyotokea wakati wa kufunga

Bamvua la kwanza lilipita kwa utulivu. La pili, usiku, watu wa ufukweni waliona tochi mwambani. Aliyekamatwa alikuwa kijana wa hapo hapo, mtoto wa ndugu wa mjumbe mmoja wa kamati.

Hapa ndipo kamati ilipojaribiwa. Wajumbe walioneana muhali, ile haya ya kumkwaza mwenzio. Hakuna aliyesema kijana hana kosa, ila kila mmoja alingoja mwenziwe ataje faini. Mwishowe walimsamehe kwa onyo, faraghani. Wiki mbili baadaye walikamatwa watu wengine, na hawa hawakuwa na ndugu kwenye kamati. Nao walitaka msamaha ule ule. Mwenyekiti alielewa kamati ilichokosea. Aliitisha kikao cha hadhara, akaeleza kwamba msamaha wa kwanza ulikuwa kosa la kamati, na wote waliokamatwa, yule kijana akiwemo, wakalipa nusu ya faini. Baba wa kijana alilipa mbele ya watu. Tangu siku hiyo hapakuonekana tochi tena mpaka mwisho wa muda.

Yaliyokuwa yakitokea majumbani sikuyaona wakati ule. Miezi mitatu ile wapiga mbizi waliendelea na Mwamba wa Nje kama kawaida. Wanawake wa miguu hawakuwa na pa kwenda. Wengine walirudi kwenye mwani, ambao bei yake haitoshi, wengine wakaokota chaza na kombe kwenye nyasi bahari hadi pakabaki mchanga, na wengine wakakopa dukani kwa ahadi ya siku ya kufungua.

## Siku ya kufungua

Alfajiri ufukwe ulikuwa umejaa. Habari ilikuwa imefika mbali, na vyombo vya shehia jirani vilikuwa vimetia nanga usiku. Kisheria hatukuwa na la kuwazuia: mwamba ukishafunguliwa ni wa kila mwenye leseni, na sheria ndogo yetu haikusema neno juu ya wageni.

Tulikuwa tumepanga tarehe, ila hatukupanga saa. Mtu wa miguu hana budi kungoja maji yatoke, na mpiga mbizi anataka mwanga tu. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu wapiga mbizi walikuwa juu ya Mwamba wa Ndani, maji yakiwa bado ya kina cha mtu, wakipita tundu hadi tundu. Wanawake walipoweza kuufikia, kiasi cha saa tatu na nusu, kingo zote zilikuwa zimekwisha kupitiwa. Waliambulia katikati ya mwamba, na huko waligombea tundu na watoto na wageni. Baadhi ya watu walikuja na vyuma, wakavunja matumbawe ili kumtoa pweza aliyejikita ndani. Wanawake wawili walitoa majike yaliyokuwa yanalalia, na ndani ya matundu wakaona mashada ya mayai kama punje za mchele. Hawakujua wafanye nini nayo. Wakayaacha, na mayai yasiyo na mama hayafiki mbali.

Mnunuzi alikuwa mmoja, na barafu yake ilikuwa ya siku ya kawaida. Kufika adhuhuri alishusha bei, na alasiri akaishusha tena. Wapiga mbizi wengi walivua kwa vyombo vya tajiri aliyewakopesha, kwa hiyo walikuwa na pa kuuza hata hivyo. Wanawake, waliotoka mwambani mwisho, waliuza kwa bei ya chini kabisa ya siku.

Jioni nilijumlisha daftari la mizani na kuandika kwamba ufungaji umefanikiwa sana. Kilo zilizopimwa siku ile zilizidi kwa mbali za bamvua lolote tulilokuwa tumelirekodi. Hilo lilikuwa kweli, na ripoti yangu ilikuwa na kosa kubwa.

## Tathmini, na duru ya pili

Kikao cha tathmini kilifanyika skuli. Kwa ushauri wa mwalimu mmoja, wanawake walikaa peke yao katika darasa jingine kwa saa nzima kabla ya kuungana na wanaume. Waliporudi, mchokoaji mmoja mtu mzima alisimama na kusema kwamba sisi tulifunga mlango wa uani tukaacha wa barazani wazi, na siku ya kufungua tukawakaribisha wa barazani waingie uani. Hakuna aliyemjibu. Sheha aliomba maneno hayo yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kama yalivyosemwa.

Kutokana na kikao hicho mpango ulibadilishwa. Mwamba wa Ndani uligawanywa: nusu ya upande wa mkondo ikafungwa, nusu ya upande wa mikoko ikaachwa wazi kwa watu wa miguu peke yao. Sehemu ya Mwamba wa Nje nayo ikafungwa, ili wapiga mbizi nao wabebe mzigo. Siku ya kufungua ikawekewa saa: firimbi ingepigwa maji yakishatoka, na siku mbili za kwanza Mwamba wa Ndani ungekuwa wa miguu tu. Vyuma vikapigwa marufuku. Jike lililolalia mayai liachwe. Wanunuzi wawili waliitwa wiki moja kabla, wakataja bei mbele ya watu na kuahidi barafu. Shehia jirani ilialikwa kwenye kamati kwa kiti kimoja, na vyombo vyake vikaruhusiwa siku ya tatu kwa mchango wa mfuko wa doria.

Kilichopiganiwa zaidi ni tarehe. Wengi walitaka tena kabla ya sikukuu. Wanawake walikataa, wakisema kila mtu anapouza kwa haja, bei huwekwa na mnunuzi. Walishinda.

## Matokeo

Ufunguzi wa pili ulikuwa wa utulivu. Jumla ya kilo za siku ya kwanza ilikuwa ndogo kuliko ya duru ya kwanza, na wafadhili waliokuja kutazama hawakuficha kwamba walitarajia zaidi. Ila mavuno yalipatikana kwa siku tano badala ya moja, bei haikuporomoka, na sehemu iliyoingia mikononi mwa wanawake ilikuwa kubwa kwa namna ambayo duka la shehia liliiona: madeni yalilipwa wiki ile.

Duru ya tatu ilishindwa. Mwamba wa Nje hauonekani kutoka ufukweni, na kuulinda kunataka boti na mafuta. Fedha za mradi wa wafadhili zilipokwisha, mfuko wa doria uliweza kununua mafuta ya safari chache tu. Wavamizi waliujua upungufu huo kabla yetu. Kabla ya mwezi wa pili kwisha wapiga mbizi wa hapo walisema hawawezi kuendelea kukaa nje huku wageni wakivua usiku, na walikuwa na haki. Kamati ilifungua Mwamba wa Nje mapema. Nusu ya Mwamba wa Ndani, iliyo machoni pa watu, ilibaki imefungwa hadi tarehe yake.

## Uchambuzi

Kosa la kwanza lilikuwa kuchagua eneo kwa kigezo cha doria peke yake. Mwamba ulio rahisi kuulinda ni ule ulio karibu, na ulio karibu ndio wa wasio na chombo. Kwa hiyo ufungaji wa gharama nafuu huwa na mlipaji wake, na asipohesabiwa huonekana hayupo. Sikubaliani na wanaosema dawa ni kuwapa wanawake fidia ya fedha. Fidia hutegemea mfadhili, nusu ya mwamba iliyoachwa wazi haimtegemei mtu.

La pili ni siku ya kufungua, na hapa takwimu za Madagaska zina somo ambalo watu hulipita. Watafiti walifuatilia mara 36 za kufunga na kufungua katika miaka minane. Siku 30 baada ya kufungua, jumla ya pweza walioletwa iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700 kuliko siku 30 kabla ya kufunga. Takwimu hii hutajwa kila mahali. Katika utafiti huo huo, mavuno kwa juhudi ya mvuvi, yaani kile anachopata mvuvi mmoja kwa siku ya kuvua, yaliongezeka kwa asilimia 87. Ni mengi, lakini tazama pengo baina ya namba mbili hizo. Sehemu kubwa ya mlima wa kwanza imetokana na watu wengi zaidi kumiminika mahali pamoja. Ndicho nilichokiona alfajiri ile na kukiandika kama mafanikio ya mwamba. Daftari letu lilipima kilo. Halikuandika ni watu wangapi waliovua, kwa saa ngapi, wala ni nani aliyeuza kwa bei gani.

Kuhusu faini, nadhani kamati ilifanya jambo gumu zaidi la kisa chote pale ilipokiri kosa hadharani. Muhali ni sehemu ya utu wetu na sitaki kuudharau. Katika kijiji ambacho unamzika jirani yako na yeye anamwoza mwanao, kumtoza faini si jambo dogo. Kilichosaidia ni kwamba kiasi kilikuwa kidogo cha kulipika, na kililipwa na wote kwa mara moja, hata pasiwe na aliyeonekana ameonewa.

Mayai yananisumbua bado. Kuliacha jike lililolalia ni kanuni nzuri kwenye karatasi, ila mchokoaji huligundua akishalitoa. Ufungaji wa miezi mitatu hukuza pweza, hauhakikishi kwamba wametaga. Vifaranga wao huelea baharini kwa wiki kadhaa kabla ya kutua, kwa hiyo faida ya mayai ya mwamba huu inaweza kuonekana mwamba mwingine kabisa. Ndiyo maana kumpa jirani kiti kwenye kamati kulikuwa na maana kuliko siasa ya ujirani.

Na pweza ametudanganya kwa wepesi wake. Baada ya duru ya pili vijana walipendekeza wafunge mahali kwa miezi mitatu ili changu na chewa warudi. Chewa huchukua miaka kukomaa, na wa aina nyingi huanza majike kisha wakubwa wao hugeuka madume. Ukiwaondoa wakubwa umeondoa madume. Samaki wa namna hiyo wanahitaji eneo lisiloguswa kwa miaka, kama mwamba wa kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, uliofungwa kwa uvuvi tangu mwaka 1994. Tulichelewa kuwaeleza tofauti hiyo, na wengine walikata tamaa na jambo zima walipoona samaki hawakurudi.

Kuhusu Mwamba wa Nje, kamati haikupaswa kuufunga kabla ya kujua nani atalipia mafuta mwezi ambao mradi haupo. Mimi niliijua bajeti na tarehe yake ya mwisho. Nilipaswa kuisema kwenye kikao kile, na sikuisema.

Kwa sasa kamati inafunga nusu ya Mwamba wa Ndani peke yake, kwa kupokezana na nusu ya pili, na wapiga mbizi wamekubali kukiacha kipande kimoja cha Mwamba wa Nje kilicho mbele ya dago (kambi ya uvuvi) la wazee, ambako siku zote kuna macho. Daftari liko kwa wanawake wawili waliokuwa wakikaa karibu na mlango. Wameongeza safu nne: saa ya kuingia, saa ya kutoka, miguu au mbizi, na bei.